Mama Booth, Mama Mtumishi: Somo la Jumapili ya Akina Mama

Masomo ya kusoma nyumbani: 2 Timotheo 1:3-5, Warumi 16:1-13, Marko 1:29-34, 2 Wafalme 20:1-7

Lengo la somo: Kumkumbuka mama mmoja aliyemtumikia Mungu, nyumba yake na maskini kwa moyo wote, na kujifunza jinsi ya kuwatunza akina mama watumishi tulio nao wakiwa bado hai.



Jumapili hii watoto wetu watawagawia akina mama maua mlangoni mwa kanisa, kama ilivyo desturi ya nchi hii ya Uingereza ndani ya Kwaresima. Ni jambo zuri. Lakini idara ya wanawake iliponiomba niandae somo, niliona maua peke yake hayatoshi. Nimechagua tumkumbuke mama mmoja aliyeishi na kuzikwa katika nchi hii hii. Jina lake ni Catherine Booth. Waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo mnalifahamu Jeshi la Wokovu, wale wenye sare na bendi ya matarumbeta. Huyu ndiye aliyelianzisha pamoja na mume wake William, na hadi leo wanamwita Mama wa Jeshi.

Nawaomba msome mpaka mwisho, hata akina baba, maana mwishoni nina neno ambalo nimelibeba kwa miaka mingi na leo nataka kulitua.

1. Binti wa nyumba ya maombi na machozi

Catherine Mumford alizaliwa tarehe 17 Januari 1829 katika mji mdogo wa Ashbourne, Derbyshire. Mama yake alikuwa Mmethodisti mwenye msimamo, na ndiye aliyemfundisha kusoma nyumbani. Inasimuliwa kwamba kabla hajafikisha miaka 12, binti huyu alikuwa ameisoma Biblia yote mara nane. Shule aliihudhuria miaka michache tu. Akiwa na miaka 14 uti wa mgongo ulimsumbua, akalazwa kitandani kwa miezi. Wengine wangesema maisha yameishia hapo. Yeye akaomba vitabu, akasoma theolojia na historia ya kanisa akiwa amelala.

Baba yake alikuwa fundi wa magari ya farasi, na zamani alikuwa amehubiri yeye mwenyewe. Baadaye imani yake ikapoa na pombe ikamshika. Wapendwa, tusipite hapa haraka. Ziko nyumba kati yetu ambazo baba alikuwa kiongozi wa kwaya kule nyumbani, akafika huku, zamu za kiwandani na upweke vikamchosha, na sasa chupa ndiyo rafiki yake wa Jumamosi. Mtoto aliye katika nyumba ya namna hiyo asidhani Mungu amemsahau. Catherine alimpenda baba yake, akamwombea miaka mingi, na akiwa bado msichana alijiunga na vijana waliofanya kazi ya kuwasaidia watu kuacha pombe. Kidonda cha nyumbani kwao kikawa mlango wa huduma yake.

Tusome 2 Timotheo 1:5. Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba imani aliyo nayo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Baba hatajwi pale. Katika Matendo 16:1 tunaambiwa tu kwamba alikuwa Myunani. Basi mama anayesimama peke yake katika imani asidharau kazi anayoifanya mezani na kando ya kitanda cha mtoto.

2. Jumapili ya Pentekoste mjini Gateshead

Catherine aliolewa na William Booth tarehe 16 Juni 1855, jijini London. William alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, kijana maskini wa kutoka Nottingham. Kabla ya ndoa Catherine alimwandikia barua ndefu akimweleza kwamba mwanamke hakuumbwa na akili pungufu, ila amenyimwa nafasi ya kuzikuza. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na haya sana. Kuandika aliweza, kusimama mbele ya watu hakuthubutu.

Mwaka 1859 mwanamke mmoja wa Marekani, Phoebe Palmer, alikuja kuhubiri kaskazini mwa Uingereza, na mchungaji mmoja wa Sunderland akaandika kijitabu kumpinga kwa sababu ni mwanamke. Catherine akiwa na mimba ya mtoto wa nne, karibu kujifungua, alishika kalamu akaandika kijitabu cha kujibu. Alionyesha kwamba katika 1 Wakorintho 11:5 Paulo anazungumzia wanawake wanaoomba na kutoa unabii kanisani, na kwamba siku ya Pentekoste Petro alitumia unabii wa Yoeli kuhusu wana na mabinti.

Miezi michache baadaye, Jumapili ya Pentekoste mwaka 1860, alikuwa amekaa kanisani Gateshead, kanisa lililochungwa na mumewe. William alipokuwa anamaliza mahubiri alimwona mkewe anatoka kwenye kiti anatembea kuelekea mbele. Akadhani kuna jambo baya limetokea. Akamsogelea kumwuliza. Catherine akamwambia anataka kusema neno. William akampisha. Mama yule akakiri mbele ya ushirika kwamba kwa muda mrefu alikuwa anajua Mungu anamtaka aseme, naye kwa hofu hakumtii. Watu wengi walilia. Hapo hapo William akatangaza kwamba ibada ya jioni atahubiri mkewe. Jioni ile kanisa lilijaa, na fungu lake lilitoka Waefeso 5:18, kuhusu kujazwa Roho.

Muda si mrefu William akaugua, na kwa wiki kadhaa Catherine ndiye aliyebeba kazi ya mahubiri, huku nyumbani kuna watoto wadogo wanne, wa mwisho akiwa bado mchanga.

Najua katika ushirika wetu tumetoka makanisa mbalimbali. Wengine mmelelewa na wachungaji wanawake, na wengine mpaka leo jambo hili linawapa shida. Somo hili si la kugombana. Naomba tu tutazame utii. Kila mmoja wetu ana neno ambalo Mungu amemwambia aseme au afanye, naye amekaa nalo kwenye kiti cha nyuma. Lako ni lipi?

3. Bakuli lililovunjika

Mimi ni muuguzi, na kuna kisa kimoja cha Mama Booth ninachokipenda kuliko vingine. Huko Gateshead alikuwa na kawaida ya kwenda jioni kwenye mitaa ya maskini, akiingia nyumba za walevi. Siku moja alimkuta mwanamke amejifungua mapacha peke yake, kwenye chumba kisicho na kitu, hana chakula isipokuwa mkate mkavu, wala hana wa kumsaidia. Catherine hakuanza na mahubiri. Alimweka mama yule vizuri, kisha akatafuta chombo cha kuwaogeshea watoto. Hakukuwa na beseni. Aliokota bakuli la kuokea lililovunjika, akawaogesha mapacha wale humo.

Wapendwa, mimbari yake na bakuli lile ni huduma moja. Tunao akina mama hapa kanisani ambao hawajawahi kushika maikrofoni, lakini familia mpya ikifika kutoka kambini Nyarugusu au Kakuma, wao ndio wa kwanza kubisha hodi na sufuria ya maharage na blanketi. Wanakwenda nao kumwandikisha mtoto shule. Wanawaonyesha basi la kwenda sokoni. Katika Warumi 16:1-2 Paulo anamtaja dada Fibi, kwamba amewasaidia watu wengi, na yeye Paulo akiwemo. Na katika mstari wa 13 anamsalimu mama yake Rufo, akisema ni mama yake pia. Hatuambiwi mama huyu alimfanyia nini. Pengine alimpikia. Pengine alimfungia kidonda baada ya kupigwa. Jina lake halikuandikwa, lakini umama wake uko ndani ya Maandiko.

4. Watoto wanane

Catherine na William walijaliwa watoto wanane, naye akawalea huku akihama mji hadi mji. Fedha ilikuwa ya shida. Yeye mwenyewe alishona na kutia viraka nguo za watoto. Wakati mwingine sadaka na vitabu vya mahubiri yake ndivyo vilivyosaidia kulisha nyumba. Akina mama mnaotoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, mnawavalisha watoto sare za shule ndipo mnalala, huyu mngeelewana naye bila mkalimani.

Mwanawe wa kwanza, Bramwell, aliongoza Jeshi la Wokovu baada ya baba yake. Binti yake Evangeline alikuja kuwa Jenerali mwaka 1934, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Marie alikuwa dhaifu wa mwili tangu utotoni, hakuweza kufanya kazi kama ndugu zake. Na watatu, yaani Ballington, Kate na Herbert, walilihama Jeshi baada ya mama yao kufariki, na familia ikaumia.

Nayasema haya makusudi. Mara nyingi tunapomkumbuka mama wa imani tunasema watoto wake wote walisimama vizuri, na mzazi ambaye mwanawe haji tena kanisani anainamisha kichwa. Hata nyumba ya Mama Booth ilikuwa na mchanganyiko. Uaminifu wa mama haupimwi kwa hesabu ya watoto waliobaki kwenye benchi.

5. Upendo uliovuka kizingiti cha nyumba

Mwaka 1865 familia ilihamia London, na William akaanza kazi mashariki mwa jiji, kwenye umaskini mkubwa. Mwaka 1878 kazi ile ikaitwa Jeshi la Wokovu. Tangu mwanzo wanawake waliruhusiwa kuhubiri na kuongoza sawa na wanaume, na hilo ni tunda la Catherine.

Wakati ule sheria ya Uingereza ilihesabu msichana wa miaka 13 kuwa mtu mzima wa kukubali kulala na mwanamume. Wasichana maskini walikuwa wanauzwa. Mwaka 1885 Mama Booth alisimama kwenye mikutano, akamwandikia Malkia Victoria, na Jeshi likakusanya saini 393,000 kwa siku 17 tu. Mwaka huo huo Bunge likapandisha umri kuwa miaka 16. Sheria inayowalinda mabinti zetu katika nchi hii leo ina jasho la mama yule ndani yake.

Aliumizwa pia na hali ya wanawake waliotengeneza viberiti kwa fosforasi nyeupe. Mvuke wake uliingia kwenye meno na kuozesha mfupa wa taya, mtu akiwa hai. Mwaka 1891, baada ya kifo chake, Jeshi lilifungua kiwanda chake London kilichotumia fosforasi nyekundu isiyo na sumu ile, na kuwalipa wafanyakazi vizuri zaidi.

Mbegu ile ilifika kwetu. Jeshi la Wokovu liliingia Kenya mwaka 1921, Tanzania mwaka 1933 na Kongo mwaka 1934. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa nalo mwaka 1946. Mtoto asiyeona aliyesoma Thika ni mjukuu wa bakuli lile lililovunjika.

6. Safari ya peke yake kutoka kwa daktari

Sasa tunafika mahali pagumu. Februari 1888 Catherine alikwenda peke yake kumwona Sir James Paget, mmoja wa madaktari wakubwa wa upasuaji wa wakati ule. Alikuwa na uvimbe kwenye titi. Daktari alimwambia ni saratani, akashauri upasuaji upesi. Alipotaka kujua muda, akaambiwa kama miaka miwili au pungufu. Alirudi nyumbani kwa gari la farasi, peke yake, akapiga magoti ndani ya gari lile akaomba. William alikuwa anajiandaa kusafiri usiku ule kwenda Uholanzi. Alipomweleza, jambo lililomwuma mama yule lilikuwa kwamba hatakuwapo kumuuguza mumewe siku yake ya mwisho. Hata katika saa ile alifikiri nani atamtunza mwingine.

Upasuaji ule hakuukubali. Mama yake mzazi pia alikuwa ameugua saratani, na Catherine ndiye aliyemuuguza, basi aliujua ugonjwa ule kwa karibu. Mimi kama muuguzi siwezi kumhukumu. Mwaka 1888 hapakuwa na tiba ya mionzi, maana eksirei yenyewe iligunduliwa mwaka 1895. Hapakuwa na dawa za saratani tulizo nazo leo. Upasuaji ulikuwa wa hatari na mara nyingi ugonjwa ulirudi. Alijaribu tiba nyingine, akateseka sana. Tarehe 21 Juni mwaka huo alihubiri kwa mara ya mwisho hadharani, katika kanisa la City Temple. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1890, huko Clacton kando ya bahari, watoto na mume wakiwa karibu. Alikuwa na miaka 61. Kwenye ibada ya kumuaga, ukumbi wa Olympia ulikusanya watu wanaokadiriwa 36,000. Amezikwa makaburi ya Abney Park, London, na unaweza kufika pale kwa basi.

Yeye hakuwa na nafasi ya kupona tuliyo nayo sisi. Ndiyo maana niliwaomba msome mpaka mwisho.

7. Mama yangu

Mama yangu mzazi alikuwa mwinjilisti wa mtaa kule Kigoma. Hakuwa na mshahara. Alikuwa na baiskeli, Biblia iliyofungwa kwa kitambaa cha kanga, na sauti ya kuamsha kijiji. Alizika watu, alipatanisha ndoa, alilea watoto wasio wake. Nilipofika Uingereza alikuwa ananipigia kila Jumapili baada ya ibada, ananisimulia mahubiri yake kana kwamba mimi ndiye mchungaji wa wilaya.

Jumapili moja, miaka 11 iliyopita, aliniambia, "Mwanangu, mkono huu wa kushoto umekuwa mzito, na kwapani kuna kitu kama punje ya mahindi. Nadhani ni jembe." Nilikuwa kituo cha basi nakwenda zamu ya usiku. Nikamjibu, "Mama, meza Panadol, upumzike, tutaongea Jumapili." Akasema, "Haya mama, kazi njema." Jumapili iliyofuata sikuuliza, naye hakurudia. Alinisimulia ubatizo wa watu 14.

Mimi ndiye nesi. Kazini, mgonjwa akisema maneno yale namwita daktari papo hapo. Kwa mama yangu nilisikia sauti ya mtumishi hodari, nikadhani watumishi hawaugui. Dada yangu alipoliona titi lile miezi minane baadaye, lilikuwa limeshapasuka. Alikuwa amelificha kwa vitenge, akiendelea kuhubiri, kwa sababu kulikuwa na semina, halafu mazishi, halafu Pasaka. Alifariki kabla karatasi zangu hazijatoka, sikuweza kumzika. Nilisikiliza ibada ya maziko kwa simu, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za hospitali.

Siandiki haya mnililie. Nimeomba toba, na Bwana amenipa amani. Naandika kwa sababu namwona mama yangu kwenye madhabahu yetu hapa. Namwona jikoni kwenye chakula cha ushirika, anawapakulia wote na yeye anakula mwisho akiwa amesimama. Ukimwuliza hali, anasema "sijambo, Bwana ni mwema." Ni kweli Bwana ni mwema. Lakini hilo si jibu la swali uliloulizwa.

8. Neno la Mungu linasema nini?

Marko 1:29-31. Mkwewe Petro amelala na homa. Wageni wameingia nyumbani, naye ndiye mama wa nyumba. Angalieni mpangilio. Kwanza wanamwambia Yesu habari zake. Pili Yesu anamshika mkono na kumwinua. Tatu homa inamwacha. Ndipo anawatumikia. Sisi mara nyingi tunaanza na la mwisho. Tunataka mama atumike akiwa na homa. Na wale waliokuwa mle ndani hawakunyamaza kuhusu ugonjwa wake, walimwambia Yesu. Kumsemea mama anayenyamaza ni sehemu ya imani.

2 Wafalme 20:1-7. Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akaahidi kumponya. Baada ya ahadi ile, nabii Isaya alisema waandae andazi la tini waliweke kwenye jipu. Nabii aliyeleta neno la uponyaji ndiye huyo huyo aliyeagiza dawa. Kwa hiyo ndugu asikwambie kwamba kwenda kupimwa ni kukosa imani. Tutakuombea, na tutakusindikiza kliniki.

9. Neno la muuguzi

Akina mama, jifunzeni kuyajua matiti yenu yalivyo kawaida. Mwone daktari ukiona lolote kati ya haya:

- Uvimbe kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi. Saratani mara nyingi haiumi mwanzoni.
- Titi limebadilika ukubwa au umbo.
- Ngozi imebonyea, au imekuwa kama ganda la chungwa.
- Chuchu imeingia ndani, ina vipele, au inatoa damu au majimaji.

Uvimbe mwingi si saratani, basi usife kwa hofu kabla ya kipimo. Na saratani ikionekana mapema inatibika vizuri kuliko ikichelewa. Hata wanaume wanaweza kuipata, ingawa ni kwa nadra.

Hapa nchini wanawake kuanzia miaka 50 mpaka wanapokaribia 71 huitwa kila baada ya miaka mitatu kupigwa picha ya matiti, bila malipo. Barua huja kwa Kiingereza, na najua nyingi zinaishia kwenye droo pamoja na za umeme. Leteni barua hizo, tutazisoma pamoja. Ili uitwe, lazima uwe umejiandikisha kwa daktari wa familia, yule tunayemwita GP. Kujiandikisha ni bure, hata kwa ambaye kesi yake ya ukimbizi haijaisha. Una haki ya kuomba mkalimani. Ukiogopa kupimwa na mwanamume, omba mwanamke. Na kama wewe hujafika miaka 50 lakini umeona dalili, usisubiri barua, nenda.

Akina baba na watoto, ukimpigia mama yako kule nyumbani Jumapili hii, akishamaliza kukupa habari za kanisa, mwulize tena: "Na wewe mwenyewe, mama, mwili unasemaje?" Kisha unyamaze, usubiri jibu.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi vya nyumbani

1. Taja mama mmoja, wa hapa au wa kule nyumbani, aliyekuwa kwako kama mama wa Rufo kwa Paulo. Je, umewahi kumwambia?
2. Catherine alikaa na hofu miaka kadhaa kabla ya kusimama. Ni jambo gani Mungu amekuita ulifanye nawe umekaa nalo?
3. Kwa nini watumishi wengi huficha maumivu yao? Je, sisi ushirika tunachangia vipi?
4. Kikundi chenu kinaweza kumpunguzia kazi gani mama mmoja mwezi huu?

Tufanye wiki hii

Jumapili hii baada ya ibada nitakaa chumba cha shule ya Jumapili, na chai itakuwepo. Mama yeyote mwenye swali aje, mlango utafungwa, na yatakayosemwa humo hayatatoka. Chakula cha ushirika kitapakuliwa na akina baba na vijana. Akina mama mtakaa.

Sala

Bwana Yesu, uliyemshika mkono mama aliyelala na homa, tunakushukuru kwa Catherine Booth na kwa mama zetu wote waliotutangulia. Asante kwa mahubiri yao, na kwa mabakuli yaliyovunjika waliyoyatumia kutuogesha. Utusamehe tulipowasikia wakisema tukawa na haraka. Utupe masikio ya kusikia na miguu ya kuwasindikiza wale ulionao kati yetu leo. Wape akina mama wetu ujasiri wa kusema "naumwa" mbele ya watoto wako bila aibu. Kwa jina lako tunaomba. Amina.

Ndimi dada yenu katika Kristo, muuguzi na mzee wa kanisa, idara ya wanawake.